Kikapu cha Dukani Kilijua Kabla ya Daktari

Wahenga walinena kwamba mficha maradhi kilio humfichua. Lakini yako maradhi ambayo mwenyewe hayafichi, hujificha yenyewe. Saratani ya ovari ni mojawapo. Ovari ni viungo viwili vidogo vitunzavyo mayai ya uzazi, kimoja kila upande wa mji wa mimba, na uvimbe ukianza hapo hupata nafasi ya kukua kimya kimya ndani ya nyonga. Dalili zinapokuja, huja katika sura ya mambo ya kila siku: tumbo kujaa, kushiba baada ya matonge mawili matatu, maumivu chini ya kitovu, kwenda haja ndogo mara kwa mara. Ni mwanamke gani ambaye hajapata kusikia hayo? Husingizia maharage, husingizia umri, husingizia uchovu wa kazi. Kisha hupita dukani akanunua vidonge.

Ni hapo penye vidonge ndipo walipoelekeza macho wataalamu wa chuo cha Imperial College, London, wakiongozwa na Dkt. James Flanagan. Nchini Uingereza maduka makubwa huwapa wateja wao kadi; duka la Tesco, kwa mfano, lilianza kutoa yake mwaka 1995. Mteja huionyesha kadi anapolipa, naye hupata punguzo la bei. Duka nalo hupata kumbukumbu ya kila kilichoingia kikapuni, na siku kiliponunuliwa. Kwa miaka mingi kazi ya kumbukumbu hizo ilikuwa kumshawishi mteja anunue zaidi. Wataalamu wale wakauliza swali lingine: je, mwanamke anapoanza kuugua bila kujua, manunuzi yake hubadilika?

Wanawake 273 walikubali kwa hiari yao kusaidia kulijibu. Kati yao 153 walikuwa wamepatikana na saratani ya ovari, na 120 hawakuwa nayo. Waliruhusu manunuzi yao ya miaka hadi 6 iliyopita yachunguzwe. Matokeo yalichapishwa Januari 2023. Wale wagonjwa walikuwa wamezidisha kununua dawa za kutuliza maumivu na za kutibu kuvimbiwa, na tofauti kati yao na wenzao ilianza kuonekana miezi 8 kabla ya ugonjwa kutambuliwa. Lakini walipoulizwa wenyewe, kwa wastani walikumbuka kuwa dalili zilianza yapata miezi minne na nusu tu kabla ya siku hiyo. Basi mkono ulikuwa ukilipia maumivu wakati kichwa bado hakijayatia katika hesabu.

Miezi hiyo si kitu cha kudharau. Kwa takwimu za Uingereza, wagonjwa 93 katika kila 100 wanaogunduliwa katika hatua ya kwanza kabisa huishi miaka 5 au zaidi. Wanaogunduliwa katika hatua ya mwisho ni 13 tu.

Hata hivyo, tusikimbilie kushangilia. Wanawake 273 ni wachache. Tena vidonge vya maumivu hununuliwa kwa sababu chungu nzima: jino, hedhi, mgongo, mtoto mwenye homa. Kadi ikianza kumwonya kila anayenunua pakiti tatu, itawatia hofu maelfu wasio na ugonjwa wowote. Na liko somo lingine zito zaidi. Uchunguzi mkubwa uliofanyika Uingereza kwa wanawake zaidi ya 200,000, ambao baadhi yao walipimwa damu au kupigwa picha kila mwaka, ulitoa majibu yake mwaka 2021. Upimaji wa damu uliwagundua wagonjwa wengi zaidi katika hatua za mapema, lakini vifo havikupungua. Kuwahi kidogo, kwa maradhi haya, huenda kusitoshe. Ndiyo maana wanaotafuta njia ya kuwahi zaidi hawana budi kusikilizwa, ila kwa masikio yaliyo macho. Kazi hiyo ya kadi imekwisha kupanuliwa iguse pia saratani za tumbo, ini na kongosho.

Pana na suala la siri. Kikapu cha mama hueleza mengi kuliko barua zake: ana mimba au hana, anakunywa nini, analala au halali. Wanawake wale walitia saini kwanza. Mwandishi huyu haoni uhalali wa duka lolote kuyasoma ya mwilini mwa mteja ambaye hakuombwa ruhusa, hata kama nia ni njema.

Msomaji wa Dar es Salaam au Mwanza atauliza yeye anahusikaje, maana hapa vidonge viwili hununuliwa duka la mtaani kwa fedha taslimu, bila jina wala kadi. Ni kweli. Kumbukumbu yetu imo nyumbani. Bwana anayetumwa dukani kuleta dawa ya tumbo kwa mara ya tatu wiki ile ile amebeba mkononi habari ileile waliyoitafuta wataalamu wa London, naye huenda ameikumbuka bei tu.

Madaktari wa Uingereza wana mwongozo wao tangu mwaka 2011. Mwanamke, hasa aliyefikia umri wa miaka 50, ambaye dalili zile zinamrudia zaidi ya mara 12 kwa mwezi apimwe damu kwa kipimo kiitwacho CA125, na kikizidi kiwango apigwe picha ya tumbo na nyonga kwa mawimbi ya sauti. Mara 12 kwa mwezi ni hesabu ambayo kalenda ya ukutani yaweza kuihifadhi: alama ya kalamu kila siku tumbo linapojaa, na alama nyingine kila kidonge kinapomezwa. Kalenda hiyo na iondolewe msumarini, ikunjwe, iingie mkobani siku ya kwenda hospitali. Maana daktari atauliza dalili zimeanza lini.