Shimo Lililoachwa Bado Lina Mwenyewe

Ardhi ya kisiwa haiongezeki. Unguja na Pemba kwa pamoja hazifiki kilomita za mraba 2,700, na ndani ya eneo hilo ndimo tunamolima, tunamojenga na tunamozikana. Ndimo pia tunamochimba mchanga, mawe na kifusi cha nyumba, skuli na barabara zetu. Hatusemi uchimbaji ukomeshwe, kwani hakuna ujenzi bila ya machimbo. Tunachosema ni kwamba kazi ya machimbo haimaliziki siku gari la mwisho linapoondoka. Siku hiyo huanza sehemu ya pili ya kazi, nayo ndiyo inayosahauliwa: kuzilinda kingo za shimo zisiporomoke, na kuirejeshea ardhi uhai wake.

Tuanze na kingo. Wengi hudhani kwamba ukuta wa shimo uliosimama miaka mingi umekwisha kutulia. Sivyo. Udongo uliokatwa umeondolewa kile kilichokuwa kikiuegemeza, na maji yanapopenya ndani yake huuongezea uzito na kuulegeza. Tarehe 18 Julai 2009, huko Nachterstedt nchini Ujerumani, ukingo wa mgodi wa zamani wa makaa ya mawe, ambao shimo lake lilikuwa likijazwa maji ili liwe ziwa, uliporomoka na kuchukua nyumba za watu. Watatu walifariki dunia, na uchimbaji ulikuwa umekoma miaka mingi kabla ya siku hiyo. Uchunguzi ulitaja msukumo wa maji ya chini ya ardhi kuwa chanzo kikuu.

Na tutazame mgodi wa shaba wa Bingham Canyon nchini Marekani, ambao ungali ukichimbwa. Tarehe 10 Aprili 2013 zaidi ya tani milioni 100 za mawe na udongo ziliporomoka humo, wala hakufa mtu hata mmoja. Haikuwa bahati. Vyombo vya kupimia vilikuwa vimekwisha kuonyesha kwamba ukuta unasogea, na mwendo ulipozidi wafanyakazi waliondolewa kabla ya maporomoko.

Hatutazamii kila chimbo letu liwe na rada, lakini kanuni ni moja: kupima, kuandika na kutii kipimo. Ufa ukionekana nyuma ya ukingo, vigingi viwili, kimoja kila upande wa ufa, pamoja na utepe wa kupimia vyatosha kuonyesha kama unapanuka. Mpimaji abakie upande wa nyuma, asisimame kamwe kati ya ufa na shimo. Wakati wa masika kipimo kichukuliwe kila siku. Mti ulioanza kuinama, maji yanayochuruzika chini ya ukuta, na udongo unaotokeza kama tumbo, nazo ni ishara. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Lakini ukuta wa shimo ukianguka juu ya watoto wanaocheza chini yake, hakuna fundi wa kuurejesha uhai wao.

Kuhusu kuirejesha ardhi, mfano hauko mbali. Huko Bamburi, karibu na Mombasa, machimbo ya mawe ya chokaa ya kiwanda cha saruji yalikuwa jangwa jeupe lenye maji ya chumvichumvi. Mwaka 1971 René Haller alianza kupanda miti ya aina 26, na aina tatu tu ndizo zilizostahimili, mmojawapo mvinje tunaoujua sote. Mizizi ya mvinje hushirikiana na viumbe vidogo vinavyonasa naitrojeni ya hewani, ndiyo maana huota pasipo na rutuba. Majani yake makavu hayakuoza upesi, hadi walipoletwa majongoo wakayala na kuyageuza mbolea. Udongo ulipopatikana, miti mingine na wanyama walifuata. Mwaka 1984 mahali hapo palifunguliwa kwa wageni.

Somo la Bamburi ni subira na mpango. Basi tunatoa wito kwa wanaotoa vibali: kabla jembe la kwanza halijapigwa, iandikwe ni nani atakayelipia ukarabati wa shimo, na fedha hizo ziwekwe pembeni mapema. Udongo wa juu utengwe, usiuzwe pamoja na kifusi. Kuta zikatwe kwa ngazi, zisiachwe wima. Nao masheha na wananchi wauripoti kila ufa wanaouona, na ripoti hiyo isilale mezani.

Ardhi ni amana. Tuliipokea nzima kutoka kwa wazee wetu, na haitupasi kuwakabidhi watoto wetu mashimo.