Ukibadilisha Injini, Angalia Mipira ya Usukani



Huenda una gari la mizigo. Huenda huna, lakini pamba yako hubebwa na gari la jirani, nawe hupanda juu ya marobota. Habari hii yakuhusu.

Katika Kambarage, mjini Shinyanga, kama mahali pengi nchini, gari hutumika miaka mingi. Injini ikichoka, mwenye gari hununua nyingine. Wengine hutoa injini ya petroli na kuweka ya dizeli. Mara nyingi kazi hii hufanyika nyumbani, chini ya mti. Hiyo si kazi mbaya. Lakini kuna jambo moja linalodharauliwa. Jambo hilo ni mipira ya mafuta ya usukani.

Usukani mwepesi hufanyaje kazi?

Magari mengi ya siku hizi yana usukani mwepesi. Mafundi huuita pawa stelingi. Katika magari mengi ya mizigo, wepesi huo unatokana na mafuta. Injini inazungusha mkanda. Mkanda unazungusha pampu. Pampu inasukuma mafuta kwa nguvu mpaka kwenye sanduku la usukani. Mafuta hayo husaidia mikono ya dereva kukata kona.

Kuna mipira miwili. Wa kwanza ni mpira wa presha. Huu hupeleka mafuta kutoka kwenye pampu hadi kwenye sanduku la usukani. Wa pili ni mpira wa kurudishia. Huu hurudisha mafuta kwenye kopo lake. Mafuta yanayorudi hayana nguvu nyingi.

Je, mafuta ya mpira wa presha yana nguvu kiasi gani? Ukijaza upepo tairi la gari dogo, kipimo husoma 30 hivi. Kwa kipimo hicho hicho, mafuta ya usukani huweza kufika 1,000 na zaidi, dereva akikata usukani mpaka mwisho.

Kwa nini injini mpya huleta shida?

Pampu hufungwa kwenye injini. Ukibadilisha injini, mara nyingi pampu nayo hubadilika. Ya zamani ilikuwa kushoto, mpya iko kulia. Nati zake nazo si saizi moja. Mpira wa zamani unakuwa mfupi, au unapita karibu na ekzosi.

Hapo ndipo watu hukosea. Fundi anaweza kukuambia, "Mzee, nitaukata huu mpira, niunge kipande, nikaze kwa klipu." Mjibu kwa upole, "Hapana, ndugu fundi. Mpira wa presha hauungwi kwa klipu."

Kwa nini? Klipu hutosha kwa mpira wa maji ya rejeta. Haiwezi kushika mafuta yenye nguvu kama hiyo. Siku moja utakuwa unakata kona kwenye barabara ya Tinde, gari limejaa. Mpira utachomoka. Usukani utakuwa mzito ghafla. Bado utageuka, lakini kwa nguvu nyingi, na huenda dereva asiwahi kukata kona. Tena mafuta yakirukia ekzosi yenye moto, gari laweza kuungua.

Njia iliyo sawa

1. Funga injini na pampu kwanza. Usipime mpira kabla injini haijakaa mahali pake.

2. Pima kwa kamba. Pitisha kamba pale ambapo mpira utapita. Iwe mbali na ekzosi, feni na mkanda. Isiguse chuma chenye makali. Acha ulegevu kidogo, kwa sababu injini hutikisika.

3. Chukua kamba yako, mpira wa zamani, na mpira uliokuja na pampu mpya. Vipeleke kwa fundi wa mipira ya haidroliki mwenye mashine ya kubana vichwa. Mwambie atengeneze mpira mmoja mpya, wenye kichwa cha pampu upande mmoja na kichwa cha sanduku la usukani upande wa pili. Mashine kubwa za migodini, kama Geita na Bulyanhulu, hutumia mipira ya namna hii. Kwa hiyo kazi hii si ngeni katika sehemu zetu. Ulizia Kahama au Mwanza.

4. Kwa mpira wa kurudishia, klipu inafaa. Lakini tumia mpira unaovumilia mafuta. Mpira wa maji hulainika na kupasuka.

5. Weka washa mpya. Funga nati kwa mkono kwanza, kisha kaza kwa spana. Mpira usijinyonge.

Kuondoa hewa

Soma kifuniko cha kopo au kitabu cha gari, ujue mafuta yanayotakiwa. Usitie mafuta ya breki.

Inua magurudumu ya mbele kwa jeki, kisha egemeza gari juu ya stendi imara. Jaza kopo. Injini ikiwa imezimwa, zungusha usukani taratibu, kushoto mpaka mwisho, kulia mpaka mwisho, mara 20 hivi. Ongeza mafuta yakipungua. Ndipo uwashe injini na kurudia. Usishikilie usukani mwisho zaidi ya sekunde 5. Ukiona povu, hewa bado imo. Zima injini, ngoja, kisha rudia.

Usipapase kwa mkono

Injini ikiwaka, usitafute tundu la mpira kwa kidole. Mafuta yanayotoka kwenye tundu dogo kama la sindano huweza kupenya ngozi. Kidonda chaweza kuonekana kidogo na kisiume sana. Lakini ndani nyama huharibika, na mtu aweza kukatwa kidole au mkono. Tumia kipande cha boksi kutafutia. Mtu akichomwa, asingoje kesho. Apelekwe hospitali saa ile ile.

Jambo la mwisho. Namba ya injini imeandikwa katika kadi ya gari. Ukibadilisha injini, toa taarifa kwa Mamlaka ya Mapato ili kadi irekebishwe.

Mpira mpya una gharama. Lakini linganisha gharama hiyo na thamani ya gari, ya pamba, na ya watu waliokaa juu yake. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Maswali ya kujadili

1. Mpira wa presha una kazi gani?
2. Kwa nini hauungwi kwa klipu?
3. Kwa nini tunapima kwa kamba baada ya kufunga injini?
4. Mwenzako akichomwa na mafuta ya presha, utafanya nini?