Bibo la Mkorosho na Mtoto wa Nyumbani

Ifikapo Oktoba, katika Uwanda wa Makonde kule Newala na huko Masasi magharibi yake, mabibo mekundu na ya manjano hutapakaa chini ya mikorosho. Korosho huokotwa ikapelekwa ghalani. Bibo lenyewe haliwekeki, basi hukamuliwa. Maji yake mabichi ni kinywaji halali. Yakichachuka huitwa uraka. Na mabibo yakikaushwa yakawa kochoko, huweza kuvundikwa na kuchemshwa mwezi wowote, ikatoka nipa, yaani gongo, ambayo sheria ya 1966 ilikataza isichemshwe bila leseni. Kwa hiyo msimu wa korosho hupita, wa ulevi haupiti. (Wako wasemao kuwa hii ni mila ya mababu, mkorosho wenyewe uliletwa na Wareno kutoka Brazil.)

Hatutaki leo kumsema mlevi. Amekwisha kusemwa sana. Twataka kumtazama mtoto wake. Wazazi wengi hudhani mtoto hufundishwa pombe siku anapopewa kikombe. La, huanza kabla. Hutumwa kuokota mabibo, hushika chujio, hupeleka dumu kwa jirani akarudi na fedha. Hajafika miaka kumi ajua bei, na ajua nani ana deni. Usiku humwona baba akirudi anayumba na mama kanyamaza. Asubuhi humsikia baba yule yule akimwonya kaka yake asinywe. Mtoto hushika alichokiona.

Madaktari wanatuambia kuwa mwana wa mlevi yu katika hatari zaidi ya kuwa mlevi, sehemu kwa urithi wa mwili na sehemu kwa malezi, na kwamba aanzaye utotoni hupata taabu zaidi kuacha. Lakini hatari si hukumu: wengi wa watoto hao hawawi walevi, hasa wakipata mtu mzima mmoja wa kuwashika mkono.

Tusiwe wepesi kumlaumu mama achemshaye. Pengine ni mjane, na nipa ile ndiyo sare na daftari. Kweli, Mtume (s.a.w.) hakumlaani mnywaji peke yake, aliwataja pia mkamuaji, mchukuzi, muuzaji na mlaji wa thamani yake. Lakini tukimsomea mama hadithi hiyo kisha tukaenda zetu, tumemwongezea mzigo. Yuko wapi mjomba, ambaye kwa Wamakonde na Wamakua ana sauti kubwa juu ya watoto wa dada yake? Na zaka yetu huenda wapi fedha za korosho zinapolipwa?

Watafiti wa Naliendele, karibu na Mtwara, wameonyesha kuwa bibo hutoa juisi na jamu. Mama yule atahitaji sukari, chupa safi na mnunuzi wa kwanza. Mnunuzi huyo aweza kuwa msikiti wa kijiji chake, siku ya Maulidi.