Mali Bila Daftari, na Ukoo Bila Daftari

Wahenga walinena kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Hapana shaka waliosema hivyo walikuwa wakimwusia mfanyabiashara aliyezoea kukopesha kwa kuamini kumbukumbu ya kichwa chake. Leo twaomba ruhusa ya kuongeza neno moja katika usia huo: ukoo nao, ukikosa daftari, hupotea bila habari. Na katika ukoo huo anayetangulia kupotea ni mama.

Mfano wetu tunautoa Iyunga, upande wa magharibi wa Mbeya, kando ya barabara kuu iendayo Tunduma na Zambia. Hapo zamani palikuwa mashamba ya Wasafwa. Katika miaka ya 1920 dhahabu ya Lupa ikavuta watu na mji wa Mbeya ukazaliwa. Kisha ikaja reli ya TAZARA, iliyojengwa kati ya mwaka 1970 na 1975, na watu wa makabila mengi wakahamia na kuoana na wenyeji. Shamba la babu likakatwa viwanja. Kiwanja kikauzwa kwa karatasi iliyotiwa sahihi mbele ya mashahidi wawili. Na leo Mbeya ni jiji. Mahali kama hapa swali la “wewe ni mtoto wa nani, na hapa umepataje?” huulizwa na mahakama pamoja na wazee wa ukoo.

Msomaji wetu wa Unguja au Pemba aweza kusema: Iyunga inanihusu nini mimi niliyezungukwa na maji? Twamwomba avumilie kidogo. Tutavuka bahari kurudi kwake kabla hatujamaliza, naye ataona kwamba swali la Iyunga ni lake pia.

Tumchukue, kwa mfano tu, binti mmoja wa Iyunga ambaye baba yake amefariki na kuacha kiwanja na nyumba. Kikao cha ukoo kinakaa, muhtasari unaandikwa, na anayependekezwa kuwa msimamizi wa mirathi anapeleka maombi Mahakama ya Mwanzo. Anatokea baba mdogo anayedai kwamba kiwanja ni cha ukoo tangu enzi za babu, na kwamba mama wa binti huyu hakuwa mke bali “alikuwa akikaa tu”. Binti hana budi kutafuta karatasi. Na tufuatane naye.

Hatua ya kwanza si ngumu. Cheti cha kuzaliwa kina jina la baba na la mama. Cheti cha ndoa ya wazazi wake, kama ndoa iliandikishwa, kipo au nakala yake yaweza kuombwa RITA. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, iliyo sheria ya Tanzania Bara, ilikusanya ndoa za kidini, za kiserikali na za kimila chini ya paa moja, ikataka zote ziandikishwe. Sheria hiyo ina huruma pia: ndoa ya kimila haibatiliki kwa kukosa kuandikishwa, na mwanamume na mwanamke waliokaa pamoja miaka 2 au zaidi wakitambuliwa na watu kuwa mume na mke huchukuliwa kuwa wameoana, mpaka mwingine athibitishe sivyo. Lakini huruma ya sheria huhitaji mashahidi, na mashahidi hufa. Cheti hakifi upesi hivyo.

Hatua ya pili ni ya bibi yake. Hapa mambo huanza kuwa magumu. Bibi aliolewa kimila. Ng'ombe walitolewa, wazee wakashuhudia, na kama palikuwa na maandishi yalikuwa kwenye daftari la shule ambalo mchwa wamelila. Ardhi nayo ilitikiswa. Operesheni Vijiji ya miaka ya 1973 hadi 1976 iliwahamisha watu wengi nchini kutoka kwenye mashamba ya mababu na kuwaweka katika vijiji vipya, na si kila aliyehama alibaki na alama ya alikotoka. Babu atakumbukwa, kwa kuwa jina lake ndilo jina la ukoo. Bibi atakumbukwa kwa jina la mtoto wake wa kwanza: mama fulani. Ukiuliza jina alilopewa kwao, kikao chote kinanyamaza.

Hatua ya tatu inampeleka binti kwenye vitabu vya kanisa. Wamishenari wa Moravian na wa Berlin walifika nchi ya Wanyakyusa mwaka 1891, na mwaka 1895 Wamoravian walianza kituo Utengule, si mbali na Iyunga. Vitabu vya ubatizo na vya ndoa vya vituo kama hivyo mara nyingine ndiyo karatasi ya kwanza kutaja mwanamke wa nyanda hizi kwa jina lake mwenyewe. Sehemu ya kumbukumbu za Wamoravian imehifadhiwa Herrnhut, Ujerumani. Ni ajabu, lakini ni kweli: mjukuu wa Utengule huenda akahitaji barua ya kwenda Ulaya ili ajue bibi wa bibi yake alibatizwa nani.

Na wale wasiobatizwa? Hao watafutwe katika hesabu za kodi. Wajerumani walitangaza kodi ya kibanda mwaka 1897, na Waingereza wakaiendeleza kwa namna yao. Mwanamume mwenye wake watatu katika vibanda vitatu alihesabiwa vibanda vitatu, na baadaye mwenye wake wengi alidaiwa nyongeza kwa ajili yao. Basi yupo mke ndani ya hesabu ile, lakini yupo kama kibanda, au kama nyongeza ya fedha. Serikali ya mkoloni ilitaka kujua ni wangapi; haikuwa na haja ya kujua ni akina nani.

Ardhi nayo ilikuwa na kisa cha namna hiyo. Amri ya Wajerumani ya tarehe 26 Novemba, 1895 iliifanya ardhi isiyo na mwenye hati kuwa mali ya Dola. Mlowezi aliyepewa shamba aliandikwa katika kitabu cha ardhi kwa jina, mipaka na eneo. Mwenyeji aliyelima bonde hilohilo tangu mababu hakuandikwa. Kumbukumbu za Kijerumani zilizoko katika Nyaraka za Taifa, Dar es Salaam, ziliingizwa na UNESCO mwaka 1997 katika orodha ya Kumbukumbu ya Dunia, na ni haki yake. Lakini anayezifungua akitafuta ukoo wake ajiandae kumkuta jirani mgeni kabla ya kumkuta babu.

Je, hili ni balaa la Afrika peke yake? Hata kidogo. Tuvuke kwanza bahari kubwa, twende Salem, katika jimbo la Massachusetts huko Marekani. Mji huo si mgeni kwa watu wa Unguja. Merikebu zake zilileta nguo ya merikani zikachukua pembe na sandarusi, na Richard Waters, mtu wa Salem, alikuwa balozi mdogo wa kwanza wa Marekani Unguja, kuanzia mwaka 1837. Massachusetts ilipokuwa bado koloni la Mwingereza, iliagiza mwaka 1639 kwamba ndoa, vizazi na vifo viandikwe, na mwaka uliofuata ikaagiza vivyo hivyo kwa mauzo ya ardhi. Ndiyo sababu Mmarekani wa leo aweza kuwafuata wazee wake kwa zaidi ya miaka 300 bila kutegemea simulizi.

Lakini hata yeye hukwama kwa mama. Mwanamke akiolewa alichukua jina la mumewe, na jina la kwao likazama. Wajuzi wa nasaba huko hufanya nini? Huenda kwenye hati za ardhi. Sheria ya Kiingereza waliyoifuata ilimpa mjane haki ya kutumia theluthi ya ardhi ya mumewe mpaka afe. Kwa hiyo mume alipouza shamba, mnunuzi mwenye akili alitaka mke naye atie sahihi au alama yake kwamba ameiachia haki ile. Mke ambaye kitabu cha ndoa kimempoteza, hati ya shamba humrudisha. Na katika wosia wa baba, binti aliyeachiwa sufuria na ng'ombe mmoja hutajwa pamoja na mumewe, na uzi uliokatika ukaungwa. Watu weusi waliokuwa watumwa katika makoloni hayo hawakuwa na haki yoyote juu ya ardhi, na wengi wao huonekana tu katika orodha za mali za mabwana zao, majina yao yakifuatana na ya mifugo.

Hapa ndipo tulipotaka kufika. Jina hufuata haki. Mahali sheria ilipompa mtu fungu katika ardhi, karani alilazimika kuuliza jina lake. Mahali ilipomnyima, karani hakujisumbua.

Sasa turudi visiwani. Katika mirathi ya Kiislamu mjane ana thumni ikiwa marehemu ameacha watoto, na robo ikiwa hakuacha. Mama ana sudusi penye watoto. Binti ana nusu ya fungu la ndugu yake wa kiume. Kadhi hawezi kugawa mpaka awataje. Kwa hiyo katika hati za mirathi na za wakfu wanawake wa Unguja na Pemba wanaonekana kwa majina yao na ya baba zao, katika nyakati ambapo mwanamke wa nyanda za juu alikuwa kibanda katika hesabu ya kodi. Hata watumwa walioomba uhuru wao baada ya amri ya tarehe 6 Aprili, 1897 waliingia vitabuni siku ile walipopata haki.

Lakini visiwa visijisifu mno. Baada ya Mapinduzi ya mwaka 1964 Serikali iligawa eka tatu tatu kwa maelfu ya familia, tendo lililowapa ardhi wasiokuwa nayo. Karatasi ile kwa kawaida ilibeba jina la mkuu wa kaya. Leo wajukuu wanakaa juu ya eka hizo wakiulizana: mke aliyepalilia mikarafuu ile ana nini? Binti aliyeolewa Makunduchi au Micheweni, jina lake li wapi? Huyo hana tofauti na yule binti wetu wa Iyunga.

Haitoshi kulalamika, maana sheria za sasa zimefungua milango. Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani iliamua kwamba kazi za nyumbani za mke ni mchango katika mali ya ndoa. Mwaka 1990 Jaji Mwalusanya, katika Mahakama Kuu kule Mwanza, aliikataa mila iliyomzuia mwanamke kuuza ardhi ya ukoo aliyoirithi. Sheria mbili za ardhi za mwaka 1999, zilizoanza kutumika Bara mwaka 2001, zilimpa mwanamke haki sawa ya kupata na kumiliki ardhi, na wilaya ya Mbozi, jirani wa Mbeya, ilikuwa ya mfano katika kutoa hati za haki miliki za kimila. Lakini Amri ya mwaka 1963 iliyoandika mila za koo zifuatazo upande wa baba ilimnyima mjane fungu la urithi maadamu jamaa za marehemu wapo, na mwaka 2015 Kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia haki za wanawake iliona kwamba wajane wawili wa Tanzania walionewa kwa sheria hizo. Mlango umefunguliwa, lakini kizingiti bado ni kirefu.

Kwa viongozi na watumishi wa Serikali, Bara na Visiwani, tuna maombi manne. Kwanza, daftari la ardhi la kijiji au mtaa likae ofisini ndani ya kabati lenye kufuli. Lisihamie nyumbani kwa mwenyekiti na kuondoka naye muhula wake ukiisha. Pili, afisa anayejaza hati amwulize mwombaji, bila haya, jina la mwenzi wake, na aliandike. Tatu, usajili wa ndoa za kimila uwafuate watu waliko, kama chanjo inavyowafuata watoto. Nne, vitabu vya kale vya makanisa, misikiti na makadhi vinakiliwe na nakala zitunzwe katika nyaraka za umma, kabla mvua na mchwa hawajamaliza kazi yao.

Na kwa wananchi tuna ombi moja. Jumapili au Ijumaa hii, familia ikiwa imekaa pamoja, chukueni daftari. Andikeni jina la bibi, la mama yake, na la kijiji alikotoka kabla ya kuolewa. Andikeni shamba gani lilikuwa lake, na nani alishuhudia ndoa yake. Kazi hiyo haimalizi hata saa moja, lakini siku ya kikao cha ukoo yaweza kumwokoa yatima. Ikiwa mwenye kulijua jina hilo yu hai leo, mwulizeni leo.