Vilima vya Shinnecock: Klabu, Kedi na Mkataba wa Miaka Elfu

Kila mashindano ya gofu ya US Open yanapofika katika klabu ya Shinnecock Hills, watangazaji wa televisheni hurudia sifa zile zile. Klabu ilianzishwa mwaka 1891. Ni mojawapo ya klabu tano zilizounda Chama cha Gofu cha Marekani, USGA, mwaka 1894. Tena ndiyo klabu pekee iliyoandaa US Open katika karne tatu: ya 19, ya 20 na ya 21. Sifa hizo zote ni za kweli. Kisichotajwa sana ni kwamba Shinnecock si jina la kilima wala la tajiri aliyetoa fedha za ujenzi. Ni jina la watu, wenyeji wa asili wa mashariki ya Long Island katika jimbo la New York, na watu hao wapo mpaka leo, majirani wa uwanja.

Katika makala haya tunasimulia historia ya klabu hiyo pamoja na ya majirani zake, kwa sababu tumeona kwamba ukiitoa moja, nyingine haieleweki.

Matajiri wa likizo

Mwishoni mwa karne ya 19, mji wa Southampton ulikuwa mahali ambapo matajiri wa New York walikimbilia wakati wa joto. Inasimuliwa kwamba majira ya baridi ya 1890 kuingia 1891, baadhi yao, akiwemo William K. Vanderbilt, walikuwa Biarritz, Ufaransa, wakamwona Mskoti Willie Dunn akicheza mchezo ambao Marekani haukuwa na wafuasi wengi. Wakaupenda, wakarudi nao nyumbani.

Kiangazi cha 1891 aliletwa fundi kutoka Klabu ya Gofu ya Royal Montreal, Kanada, jina lake Willie Davis. Yeye ndiye aliyechora mashimo 12 ya kwanza. Lakini jembe halikushikwa na Davis, wala na Vanderbilt. Vibarua wapatao 150 walitoka katika makazi ya Washinnecock. Wao ndio waliofyeka vichaka, wakaondoa mawe na kusawazisha ardhi. Mwaka uliofuata klabu ilikuwa na jengo lake, kazi ya msanifu majengo maarufu Stanford White. Jengo hilo bado linatumika, nalo ndilo jengo kongwe zaidi la klabu ya gofu nchini Marekani.

Dunn naye alikuja baadaye, akaongeza mashimo hadi 18. Uzeeni aliandika kumbukumbu zake, akaeleza bila kificho kwamba eneo lile lilikuwa na vichuguu vya makaburi ya wenyeji, na kwamba vingine waliviacha viwe vizuizi vya mchezo na vingine wakavichimba kuwa mitego ya mchanga. Tuliposoma habari hiyo, baadhi yetu tulinyamaza kidogo. Dunn hakusikika akiomba radhi. Kwake lilikuwa jambo la kiufundi tu.

Vijana wawili wa miaka 16

Jambo moja ambalo klabu inastahili kupongezwa ni kwamba ilipokea wanawake tangu mwanzo, na hata ikawajengea uwanja wao wa mashimo tisa. Mmoja wao, Beatrix Hoyt, alishinda ubingwa wa wanawake wasiolipwa wa Marekani mwaka 1896 akiwa na miaka 16, kisha akautetea mwaka 1897 na 1898.

Mwaka huo huo wa 1896, klabu hiyo hiyo ilikuwa na kijana mwingine wa miaka 16 aliyeijua gofu vizuri sana: John Shippen. Hoyt alikuwa mjukuu wa Salmon P. Chase, aliyewahi kuwa Jaji Mkuu wa Marekani. Shippen alikuwa mtoto wa mchungaji Mwafrika-Mmarekani aliyetumwa kuhudumia kanisa katika makazi ya Washinnecock. Hoyt aliingia uwanjani kama mwanachama. Shippen aliingia kama kedi, akiwabebea wengine fimbo zao, na ni Willie Dunn aliyemfundisha mchezo.

Julai 1896 klabu iliandaa US Open, ya pili tu katika historia ya mashindano hayo. Shippen alijiandikisha kucheza, na rafiki yake Oscar Bunn, Mshinnecock, naye akajiandikisha. Kundi la wachezaji wa kulipwa, wengi wao kutoka Uskoti na Uingereza, likatishia kugoma: halikutaka kucheza na Mweusi na Mhindi Mwekundu, kama walivyoitwa wakati ule. Rais wa USGA, tajiri wa sukari Theodore Havemeyer, anasimuliwa kuwa aliwajibu kwamba mashindano yatafanyika hata kama watabaki wawili hao peke yao. Wagomaji wakabadili nia.

Kwa wasiocheza gofu, anayepiga mikwaju michache ndiye mshindi. Wakati ule US Open ilichezwa siku moja, mizunguko miwili ya mashimo 18. Mzunguko wa kwanza Shippen alipiga mikwaju 78, sawa kabisa na James Foulis aliyekuja kuwa bingwa. Mzunguko wa pili, kwenye shimo la 13, mpira wake ulianguka katika barabara ya mchanga ya magari ya farasi. Akaupiga, ukagoma kutoka. Akaupiga tena. Shimo lile lilimla mikwaju 11. Alimaliza na jumla ya 159, Foulis 152. Tofauti ni mikwaju saba. Lau shimo lile lingemgharimu mikwaju 4, wangelingana.

Klabu na USGA hujivunia siku ile, na wana haki. Ila inafaa tukumbuke yaliyofuata. Mwaka 1934 chama cha wachezaji wa kulipwa, PGA of America, kiliandika katika katiba yake kwamba wanachama wake ni watu weupe tu. Kifungu hicho hakikufutwa hadi 1961. Shippen, aliyecheza US Open kadhaa zaidi baada ya ile ya 1896, alitumia zaidi ya miaka 30 akifundisha gofu na kutunza uwanja wa Shady Rest, klabu ya Waafrika-Wamarekani huko Scotch Plains, New Jersey. Alifariki mwaka 1968. PGA ilimpa uanachama mwaka 2009, akiwa kaburini kwa miaka 41. Tunajiuliza kadi ile alikabidhiwa nani.

Miaka 90 ya kimya

Baada ya 1896, US Open haikurudi Shinnecock kwa miaka 90. Sababu moja ilikuwa ufupi wa uwanja: ulikuwa na yadi 4,423 tu, na wachezaji walilalamika kwamba ni mwepisi mno. Uwanja unaosifiwa leo kwa kiasi kikubwa ni kazi ya William Flynn, aliyeupanga upya ukakamilika mwaka 1931. Flynn aliyageuza mashimo yaelekee pande mbalimbali, ili upepo wa bahari umpige mchezaji usoni hapa, ubavuni pale. Nyasi ndefu za pembeni zikafanya kazi iliyobaki.

Mashindano yaliporudi mwaka 1986, Raymond Floyd alishinda akiwa na miaka 43. Mwaka 1995, US Open ilipotimiza miaka 100, bingwa alikuwa Corey Pavin. Mwaka 2004 ilikuwa zamu ya Retief Goosen wa Afrika Kusini, katika Jumapili ambayo bado inazungumzwa: nyasi za kuzunguka shimo la 7 zilikauka kiasi kwamba mipira haikusimama, ikabidi wafanyakazi wazimwagilie maji katikati ya mchezo. Mwaka 2018 Brooks Koepka alitwaa taji lake la pili mfululizo kwa jumla ya 281, mkwaju mmoja juu ya kiwango cha uwanja. Hakuna hata mchezaji mmoja aliyemaliza chini ya kiwango. Mwaka 2026 nao umepangiwa Shinnecock.

Nyuma ya nyasi hizo kulikuwa na mikono ile ile ya 1891. Kizazi baada ya kizazi, Washinnecock waliajiriwa kutunza uwanja, na hadi mwishoni mwa karne ya 20 msimamizi mkuu wa nyasi alitoka kwao.

Ardhi ya nani?

Hapa ndipo tunapofika kwenye mkataba. Mwaka 1703, wakati wa ukoloni wa Kiingereza, walowezi wa Southampton na Washinnecock walikubaliana kwamba wenyeji waendelee kuishi katika vilima vile, ekari zipatazo 3,600, kwa miaka 1,000. Kodi yao ilikuwa gunzi moja la mahindi kwa mwaka. Kwa hesabu hiyo, mkataba ungeisha mwaka 2703.

Uliisha 1859. Bunge la New York lilipitisha sheria iliyouvunja, likawaachia Washinnecock rasi ya ekari 800 hivi, ambako wanaishi hadi leo. Msingi wa sheria ile ulikuwa ombi lenye majina ya Washinnecock. Wenyewe wanasema majina hayo yalighushiwa, na kwamba baadhi yalikuwa ya marehemu na ya watoto. Miaka michache baadaye reli ikapita katika vilima, wakafuata wageni wa likizo, kisha gofu. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Hapa mwenyeji alipona kwa kibarua.

Mwaka 2005 Washinnecock walifungua kesi katika mahakama ya shirikisho kudai zile ekari 3,600, uwanja wa gofu ukiwa ndani yake. Mwaka 2006 jaji aliitupa kesi. Hakusema kwamba mkataba ulivunjwa kihalali. Alisema muda mrefu mno umepita, na kuirudisha ardhi kungewavuruga wengi walio juu yake sasa. Mahakama ya rufaa ilikubaliana naye mwaka 2015, na mwaka 2016 Mahakama Kuu ya Marekani ilikataa kuisikiliza. Katikati ya safari hiyo, mwaka 2010, serikali ya shirikisho iliwatambua rasmi Washinnecock kuwa taifa la asili. Waliambiwa wamechelewa na dola ile ile iliyochelewa kuwatambua.

Katika klabu yetu wapo wanaoona kwamba wanachama wa leo wa Shinnecock Hills hawawezi kubebeshwa sheria ya 1859, kwani hawakuwepo. Wapo pia wanaosema kwamba anayeurithi uwanja anaurithi pamoja na deni lake. Hatujaafikiana, ila sote tunakubali jambo moja dogo: klabu inayosimulia kwa fahari siku Shippen na Bunn waliporuhusiwa kucheza haina budi kueleza pia kwa nini Oscar Bunn, katika vilima vya mababu zake, alihitaji ruhusa.

Watakaotazama mashindano mwaka 2026 watayaona majina ya mabingwa yakipita kwenye skrini. Tunawaomba wahesabu pia ni mara ngapi Washinnecock watatajwa kuwa watu, mbali na kuwa jina la klabu. Mkija na hesabu zenu, mjadala tutauendeleza kwenye kikao.