Fahamu: Kwa nini kumpakata mtoto garini si salama

Wazazi wengi huamini mikono yao inatosha kumshika mtoto garini. Haitoshi. Gari la mwendo wa kilomita 50 kwa saa likigonga na kusimama ndani ya nusu mita, mtoto wa kilo 10 hurushwa mbele kwa nguvu inayokaribia uzito wa kilo 200.

Mtoto mchanga akae wapi?
Kiti cha nyuma, kwenye kiti maalumu kinachoelekea nyuma ya gari, kwa sababu kichwa chake ni kizito na shingo bado laini. Kanuni ya Umoja wa Mataifa R129 inataka abaki hivyo hadi apite miezi 15.

Kiti kimefungwa sawasawa?
Kitikise pale mkanda wa gari unapopita: kisicheze zaidi ya sentimita 2.5. Kisha finya mkanda wa kiti chenyewe begani mwa mtoto. Ukikunjika vidoleni, bado umelegea.

Mkanda wa mtu mzima lini?
Akikaribia urefu wa sentimita 150. Kabla ya hapo, tumia kiti cha kumwinua, la sivyo mkanda utamkaa shingoni na tumboni badala ya begani na nyongani.