Usimuulize binti yako amefunga pointi ngapi

Jumamosi moja jioni binti yangu wa miaka 14 alirudi nyumbani kutoka kwenye mechi ya mpira wa kikapu, viatu mkononi, vumbi limempanda hadi magotini. Aliniamkia, na kabla hajakaa nikamtupia swali ambalo wazazi wengi tunaliuliza: "Umefunga pointi ngapi?"

"Mbili tu, mama."

"Pole mwanangu. Siku nyingine utafanya vizuri."

Hakujibu. Alikwenda kuoga, na usiku ule hakuuzungumzia tena mchezo. Siku mbili baadaye nilikutana na mwalimu wake wa michezo, akanipongeza. Kumbe timu ilishinda, na vikapu vingi vilitokana na pasi za binti yangu. "Yule ndiye macho ya timu," aliniambia. Nilirudi nyumbani nikiona haya. Nilikuwa nimempa pole mtoto aliyestahili hongera.

Sisi akina mama tuliocheza netiboli shuleni tulipaswa kulijua hili zamani. Anayevaa C, yaani senta, haruhusiwi kufunga wala kuingia kwenye nusu duara la kufungia. Lakini mtoe uwanjani, uone kama GS atauona mpira. Katika kikapu kila mchezaji ana ruhusa ya kufunga, ndiyo maana anayewapikia wenzake husahaulika kirahisi.

Pasi yenye hesabu yake

Katika WNBA, ligi ya kulipwa ya wanawake nchini Marekani iliyoanza kuchezwa mwaka 1997, mpishi huyo hasahauliki. Pasi inayozaa kikapu moja kwa moja huitwa asisti, na huandikwa kama zinavyoandikwa pointi. Ila ina sharti gumu: mwenzako akikosa, huandikiwi kitu, hata kama pasi ilikuwa tamu kiasi gani. Hesabu yako iko mikononi mwa mwingine.

Mwaka 1998 timu ya Sacramento Monarchs ilimchukua Ticha Penicheiro, Mreno kutoka mji wa Figueira da Foz. Hakuwa mfungaji mkubwa, lakini watu walikwenda uwanjani kutazama pasi zake. Aliweza kumkazia macho mchezaji wa kushoto huku mpira ukienda kulia, na mlinzi akabaki ameduwaa. Aliongoza ligi kwa asisti katika misimu saba, na mwaka 2005 akawa bingwa na Monarchs.

Aliyempita kwa jumla ya asisti, mwaka 2017, ni Sue Bird wa Seattle Storm. Bird aliingia kwenye ligi hiyo mwaka 2002 na kustaafu 2022 akiwa na asisti 3,234, mataji manne ya ligi na medali tano za dhahabu za Olimpiki. Alicheza mechi yake ya mwisho akiwa na miaka 41, umri ambao wengi wameshatundika daluga kitambo. Miguu ilikuwa imepunguza kasi, lakini macho yalikuwa yamekusanya miaka 20 ya kuujua mchezo.

Wanaona nini ambacho sisi hatukioni?

Timu ikipata mpira ina sekunde 24 za kurusha kikapuni. Ndani ya muda huo wachezaji kumi wanahangaika kwenye uwanja wenye urefu usiofika mita 29. Mtazamaji hufuata mpira. Mchezeshaji mzuri ameshautazama uwanja kabla mpira haujamfikia, kama dereva anayetazama vioo kabla ya kukata kona.

Jambo la pili, hawatazami wenzao tu. Wanawatazama zaidi walinzi. Chukua mfano wa mbinu inayotumika sana: mchezaji mrefu anasimama kama nguzo kumzuia mlinzi, na mwenye mpira anapita pembeni yake. Hapo mlinzi mwingine hulazimika kutoka alipo ili kusaidia. Swali la mchezeshaji ni moja: nani ameacha mtu wake? Akishalijua, mpira unaondoka, mara nyingi kuelekea mahali ambapo bado hakuna mtu, kwa kuwa anajua mwenzake atafika hapo.

Jambo la tatu ni kuwafahamu wenzako. Yupo anayependa mpira umkute kifuani akiwa amesimama, na yupo anayeutaka akiwa anakimbia. Ujuzi huu hauji kwa kuzaliwa nao. Unatokana na mazoezi mengi ya pamoja, na tabia ya kujali kile ambacho mwenzako anakiweza.

Anayejaribu ndiye anayekosea

Hapa ndipo wazazi na makocha tunapoharibu. Mtazame Caitlin Clark wa Indiana Fever. Katika msimu wake wa kwanza, mwaka 2024, alitoa asisti 337, nyingi kuliko mchezaji yeyote aliyemtangulia katika msimu mmoja wa WNBA. Julai 17 mwaka huo, dhidi ya Dallas Wings, alitoa asisti 19 katika mechi moja na kuvunja rekodi ya 18 iliyowekwa na Courtney Vandersloot mwaka 2020.

Hiyo ndiyo sehemu inayosimuliwa. Sehemu nyingine ni kwamba mechi hiyo ya asisti 19 Fever walifungwa. Na katika msimu huohuo Clark alipoteza mpira mara 223, nyingi pia kuliko mchezaji yeyote kabla yake. Rekodi zote mbili zilitoka kwenye mikono ileile. Anayetafuta nafasi ambayo wengine hawaioni, kuna siku ataikosa na mpira utaporwa.

Sasa mfikirie binti wa kidato cha pili ambaye pasi yake imenaswa, na kutoka pembeni anasikia sauti ya mzazi wake: "Si ungepiga mwenyewe!" Nimezisikia sauti hizo uwanjani, na ninakiri yangu imewahi kuwamo. Binti huyo hujifunza haraka. Mechi inayofuata atampa mpira aliye karibu naye, asilaumiwe. Ataacha kutazama mbali. Kesho kutwa tunashangaa kwa nini mtoto aliyeupenda mchezo anasema tumbo linamuuma kila siku ya mazoezi.

Tufanye nini nyumbani?

Siyo lazima mzazi aujue mpira wa kikapu. Ukienda kumtazama mwanao, jaribu kwa dakika tano kuuacha mpira na kuwatazama wasio nao. Utaona nani anakimbia bila kuonekana, na nani anamwona. Kikapu kikifungwa, mpigie makofi mfungaji, kisha litaje jina la aliyempa. Pasi ikipotea, nyamaza. Kocha yupo. Na mkirudi nyumbani, badilisha swali.

Mimi nilianza kwa kuomba radhi. Haikuwa rahisi kumwambia mtoto kwamba nilikosea, lakini nilimwambia. Alicheka kidogo, akasema, "Haya mama, yameisha."

Jumamosi iliyofuata alirudi na vumbi lilelile. Nilipakua chakula, nikakaa, nikamuuliza: "Leo umempa nani?"

Alinitazama kama anayehakikisha amesikia vizuri. Kisha akavuta vikombe viwili na kibakuli cha chumvi, akavipanga mezani, na kuanza kunionyesha mlinzi alisimama wapi na rafiki yake alitokea wapi. Alisimulia mpaka ugali ukapoa.